Stika ya Kumi na Nane

Biharamulo, Alhamisi alasiri

Koleta mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stendi, kwa hiyo hapa sikusalimu. Ya chakula, mavazi na misa ya Jumapili mama yako ameyamaliza, tena ameyamaliza mara tatu, nimesikia kila neno kupitia dirisha. Mimi nina jambo moja. Naliandika sasa, wakati bado uko Murukulazo unamuaga bibi yako, kwa sababu ukiwa mbele yangu nitaanza kujisifu badala ya kusema. Unanijua.

Barua hii utaikuta kwenye sanduku la spana, chini kabisa, pamoja na bahasha ndogo. Sanduku lenyewe ni lako, usinirudishie. Nimekuambia usilifungue kabla basi halijapita Lusahunga, ukadhani nina mzaha. Sina. Ukiisomea hapa Biharamulo utashuka uje unitazame usoni, na uso wa kutazamwa hivyo sina.

Nina wivu, Koleta. Haya, nimeandika na kalamu haikuvunjika. Mtu mzima, fundi mwenye miaka ishirini na saba kazini, namwonea wivu Simoni. Tangu alipokupa kazi kwenye gereji yake ya Kahama, nyumba hii haina habari nyingine. Fundi Simoni kasema hivi, Fundi Simoni katuma sauti kwenye simu, Fundi Simoni anachomeka kompyuta na gari linajieleza lenyewe. Juzi ulikuwa unaosha vyombo unacheka peke yako. Nikauliza unacheka nini, ukasema Simoni katania. Nikaweka sahani chini, nikatoka kwenda kufunga geti lililokuwa limefungwa.

Ndiyo maana mwezi huu wote nimekuwa nikikuambia uwe macho na yule mtu. Nikakukumbusha gari la Mwalimu Velediana. Nikasema fundi aliyeua injini Biharamulo hawezi kuwa amepona alipofika Kahama. Wewe, kwa kuwa unaniamini, Jumapili ulinijibu: "Usijali baba, nitakuwa namwangalia mikono."

Tangu Jumapili maneno hayo hayaniachi. Unakwenda kujifunza kwa mtu huku ukimchunga kama mwizi, na macho hayo nimekupa mimi. Atakuonyesha jambo la kweli, utalikataa kwa ajili yangu. Injini itakufia mikononi, labda na watu ndani ya gari. Simoni hakuua ile injini. Niliiua mimi, na sikuhitaji hata spana.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Simoni alipofika hapa alikuwa mtu mzima tayari, katokea Kibimba na begi moja la mgongoni na simu iliyopasuka kioo. Nilimpa upande wa pili wa uwanja wetu wa gereji, kule nyuma ya soko. Nilimpokea vizuri, hilo hakuna atakayeninyang'anya. Mimi namzidi miaka minane, akaniita kaka, na kila asubuhi kabla hajagusa chombo alikuwa anakuja mpaka nilipo: shikamoo kaka. Marahaba, naitikia, kazi inaanza. Tulikwenda hivyo miaka mitatu bila neno.

Wateja walipoanza kufika wakiuliza Simoni yupo, nililimeza hilo. Kuna mteja ambaye gari lake nililiangalia tangu likiwa jipya, akanipita mimi nimesimama kama mlingoti akaenda kwake. Nalo nililimeza. Lililonikaa kooni ni wewe. Ulikuwa unatoka shule na sare yako, unanipa shikamoo ya haraka, halafu unakwenda kuinama kwenye boneti ya Simoni. Ulikuwa unauliza kwa nini hiki, kwa nini kile, naye anaacha kazi anakueleza, anachora kwa kidole kwenye vumbi la kioo. Mimi uliponiuliza kwa nini nilikuambia ndivyo ilivyo. Na mimi nilifundishwa hivyo, kwa kushika taa na kunyamaza. Sikujua kwamba swali la mtoto linajibiwa.

Bibi yako ndiye aliyeniona kwanza. Tulikuwa Murukulazo sikukuu ya Pasaka, anamenya ndizi, mimi nazungumza. Nilizungumza habari za Simoni mpaka ndizi zikaisha. Akainua kichwa akasema, una ishari. Unajua kwamba kwa Kirundi chake, kile alichovuka nacho kutoka Burundi akiwa msichana, ishari ndiyo wivu. Mimi nikajifanya nimesikia shari, ya Kiswahili, nikamjibu sina shari na mtu. Akasema, "Yangu inaanza na i. Subiri, hiyo i itaanguka."

Nilicheka sana siku ile. Wewe pia ulicheka, ila hukujua unacheka nini.

Sasa gari la Mwalimu. Mwalimu Velediana aliyekufundisha hesabu darasa la tano alikuwa amestaafu, kajinunulia gari dogo jeusi la Kijapani, safi, limetembea kidogo. Simoni alimbadilishia mkanda wa nje, ule wa jenereta. Alipokuwa ameinama humo akaona kava la mkanda wa ndani na juu yake stika inayoonyesha ulifungwa lini. Akamwambia Mwalimu huu wa ndani ubadilishwe kabla hujasafiri nalo mbali. Mwalimu naye ni mtu wa hesabu, hakubali jibu mpaka alihakiki. Akalileta upande wangu. Nakumbuka alivyosema: wewe ndiye mkubwa hapa, niambie ukweli.

Huo mkanda wa taimingi unaujua, lakini niache niuseme kwa mdomo wangu maana sikuwahi kukueleza. Chini kuna krankshafti inayopandisha na kushusha pistoni. Juu kuna kemshafti inayofungua na kufunga valvu. Wawili hawa hawaonani. Mkanda wa mpira wenye meno ndio unaowaunganisha, ndio unaomwambia valvu toka njiani, pistoni anakuja. Ziko injini za huruma, mkanda ukikatika gari linazima tu, unafunga mpya unaondoka. Mimi nilikulia kwenye hizo, nikauzoea mkanda kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Ziko nyingine ambazo mkanda ukikatika pistoni inapanda inamkuta valvu bado yuko wazi, inampinda. Ile ya Mwalimu ilikuwa ya aina hiyo, na nilijua.

Nikafungua boliti za kava la juu. Stika ilikuwa na Kijapani kingi, lakini namba ni namba. Kilometa sabini na moja elfu na kitu. Kwenye dashibodi themanini na nne elfu. Na mwaka: 18. Nikasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kwamba mkanda huu umefungwa elfu mbili na kumi na nane, yaani mwaka jana tu, na umetembea kilometa elfu kumi na tatu, hata nusu ya kazi yake haujafika. Mwalimu akashusha pumzi.

Simoni akaja anafuta mikono. Nataka ujue kwamba hakuja kunivunjia heshima. Alisogea karibu, akasema chinichini ili mteja asisikie: "Kaka, samahani. Ile kumi na nane si yetu. Wajapani wana miaka yao, wanahesabu tangu mfalme wao alipokalia kiti. Kumi na nane yao ni elfu mbili na sita yetu."

Mimi ndiye niliyeambiwa, lakini kulikuwa na mtu wa tatu. Wewe ulikuwa umesimama pale kwenye madigadi na andazi mkononi, kidato cha pili. Ulisahau kutafuna. Ukamtazama Simoni, ukasema, "Kumbe!"

Neno moja. Sijui kama unalikumbuka. Mimi nimelibeba miaka sita. Nilikulea, nilikununulia viatu vya shule, nilikupeleka hospitali ya wilaya nimekubeba mgongoni mvua inanyesha, na katika yote hayo hujawahi kunipa kumbe hata moja ya namna ile. Kijiba cha roho kikanishika. Nikainua sauti nikauliza, tangu lini watu wa Kibimba wanasoma Kijapani? Uwanja wote ukacheka. Mwalimu akacheka. Simoni akatabasamu kidogo akarudi kwenye kazi yake. Wewe peke yako hukucheka, na hilo likanimaliza kabisa.

Basi nikaushika ule mkanda, nikauminya kwa dole gumba, nikausokota kuonyesha ulivyo na nguvu. Nikasema huu bado kijana Mwalimu, utabadilisha mwakani, nenda salama.

Kosa hilo si la kumbe yako, usije ukajilaumu. Kumbe yako ilikuwa safi. Kosa ni kwamba nilijua. Ningekuwa sikujua ningekuwa mjinga tu, na ujinga unasameheka. Lakini mwezi mmoja kabla nilishika gari lingine lililotoka Japani, stika yake imeandikwa 29. Nikakaa nikaitazama. Elfu mbili na ishirini na tisa ilikuwa haijafika, hata leo haijafika. Nikajisemea labda waliandika vibaya, nikafunga boneti. Simoni alipotamka habari za mfalme, ile 29 ilinijia papo hapo na nikajua anasema kweli. Mkanda una miaka kumi na mitatu. Nilijua huku nacheka, nilijua huku nausokota. Nilichagua Mwalimu asafiri na mkanda mzee, mradi wewe usione Simoni amenishinda.

Umeipata hiyo? Isome tena kama hukuipata, mimi siwezi kuiandika mara mbili.

Wiki ya tatu kaka yake Mwalimu akafariki kule Murukulazo. Mwalimu akaondoka alfajiri awahi mazishi. Amepita Nyakahura, anapanda kilima, injini ikazima kana kwamba mtu amebonyeza swichi. Hakuna mlio, hakuna moshi. Mafundi wengi wanasubiri mkanda upige kelele kwanza. Mara nyingi haupigi. Akanipigia mimi, si Simoni. Nikamwambia washa nisikie. Kwenye simu nikasikia starta inazunguka nyepesi, haraka, kama cherehani isiyo na kitambaa. Hapo fundi yeyote angesema acha, usiguse tena. Mimi nikamwambia jaribu tena, halafu tena. Nilikuwa natumaini sauti itabadilika.

Alipata lifti kwenye lori la mahindi. Alipofika Murukulazo alikuta watu wananawa mikono, wamekwisha kuzika. Bibi yako alikuwepo, walimsubiri Mwalimu mpaka jua likageuka, wakashindwa. Bibi ndiye aliyenisimulia.

Nilikwenda mwenyewe kulifuata gari. Nikafungua kava pale pale barabarani. Upande wa chini, kwenye gia ya krankshafti, meno ya mkanda yalikuwa yamenyofoka kipande cha urefu wa kiganja. Mpira umekauka, ukiukunja kinyume unaonyesha nyufa ambazo kwa juu huzioni. Na sili ya mbele ilikuwa inavuja oili kidogo kidogo, inalamba mkanda kila siku. Kwa juu, pale nilipominya kwa mbwembwe zangu, ulikuwa unang'aa vizuri. Mkanda mzee hauna mvi.

Halafu nikafanya lile ambalo mama yako mwenyewe halijui. Niliibandua ile stika. Kwa ukucha, taratibu, isichanike. Nikaitia mfuko wa shati. Nadhani ile i ya bibi ilianguka pale, ikabaki shari, porini, mbele ya dereva wa gari la kuvuta aliyekuwa anakojoa kichakani.

Gari lilipofika gereji watu wakauliza nani aligusa mikanda. Wakajijibu: Simoni, si ndiye aliyebadilisha mkanda? Nani anajua tofauti ya mkanda wa nje na wa ndani? Wakanigeukia. Nikasema mimi sikubadilisha kitu kwenye injini hiyo, niliangalia tu. Kila neno lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Mwalimu akamwita Simoni mbele ya watu. Simoni akainama kwenye injini. Pale stika ilipokuwa kulibaki umbo safi, vumbi halijalifikia. Akalitazama. Akanitazama mimi. Nilisubiri aseme. Akasema, "Pole sana Mwalimu." Basi. Sijui kwa nini alinyamaza. Labda aliona nani atamwamini bila stika. Labda ni ile kaka aliyokuwa ananiita kila asubuhi. Nimejaribu miaka yote kuamini ni la kwanza, kwa sababu la pili linaniuma zaidi.

Unajua mji mdogo. Miezi miwili haikufika, upande wake ukawa mtupu. Akafunga begi. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimelala chini ya gari, naona viatu tu. Viatu vikaja vikasimama karibu na kichwa changu. "Shikamoo kaka." Nikaendelea kukaza boliti iliyokwisha kazwa. Vikasimama kidogo, vikaondoka. Nilisikia hatua zake zikipanda kuelekea barabara ya boma, na bado ningeweza kuitikia. Sikuitikia.

Mwezi uliopita alinipigia kabla hajakupigia wewe. Hukulijua hilo. Alianza vile vile, shikamoo kaka, naomba ruhusa yako nimchukue Koleta kazini. Nikasema halo, halo, halo, kama mtu aliyekatikiwa mtandao, nikakata. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu. Ndipo akampigia mama yako, kisha wewe.

Najua sasa umekasirika. Una haki. Lakini usiikunje barua, kuna ya kazi humu, na haya niliyalipia.

Ukipokea gari usilolijua, kwanza ujue lina mkanda au lina cheni, usimuulize mwenye gari, fungua uone. Kama ni mkanda, tafuta kitabu kinasema ubadilishwe lini. Nyingi za hizi za Kijapani tunazozishika ni kilometa laki moja, nyingine chini ya hapo, na kuna kikomo cha miaka pia. Kinachotangulia ndicho kinachotawala. Sisi wote tunahesabu kilometa kwa sababu zinaonekana. Mpira unazeeka hata gari likiwa limelala, na gari lililotembea kidogo ndilo linalodanganya kuliko yote. Dashibodi nayo usiiapie, kuna watu kazi yao ni kuzirudisha nyuma kabla gari halijatufikia. Kama historia haijulikani, badilisha. Mteja atanuna. Mwache anune.

Ukibadilisha mkanda, shika na vilivyo jirani: tenshena inayoukaza, puli, pampu ya maji, sili. Mkanda mpya juu ya beringi mbovu utakufa na umri wake mdogo, na oili au maji ya rejeta yakiugusa ndiyo kabisa. Usiusokote wala usiukunje kuonyesha watu, ndani una nyuzi zinazovunjika bila wewe kuona. Ukishaufunga, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama zikutane tena, ndipo uguse swichi. Na ukipigiwa simu kwamba gari limezima, halafu usikie starta inakimbia nyepesi, sema acha. Mara ya kwanza.

Halafu chukua rangi, andika kwenye kava kilometa na mwaka. Mwaka wote, tarakimu zote nne. Mimi naandika nne tangu siku ile, umewahi kuniuliza kwa nini nikasema ndivyo ilivyo.

Hayo ni ya mkanda. Ya wivu sijui nikupe lipi maana bado ninao. Sitakudanganya kwamba kuandika kumenitibu. Nikikufikiria Jumatatu umeinama kwenye boneti ya mtu yule, macho yamekutoka, unasema kumbe, natamani kwenda kufunga geti tena. Atapata kumbe kumi kwa siku, za bure. Lakini zipokee zote. Mkono wake usiuchunge, utazame. Alichokijua siku ile alikisema kwa sauti ya chini ili nisiaibike, na mimi kwa sauti ya juu nilimwaibisha. Fundi wa namna hiyo ukimpata usimwache kwa sababu ya baba yako.

Na siku fundi mwenzako akiwa na haki mbele ya mteja, wewe na yeye mmesimama na watu wanasikiliza, liseme neno lako hilo hilo. Kumbe. Mimi lingenigharimu nukta moja. Nimeanza kujizoeza. Wiki iliyopita kijana wa bodaboda alinieleza jambo la kabureta nisilolijua, nikafungua mdomo, likatoka kwa shida kama jino, lakini likatoka. Ukinipigia simu kunieleza ulichojifunza, nitajaribu. Usinicheke.

Mwalimu Velediana bado ananiletea gari lile. Lilitengenezwa, linatembea, ananiambia hamwamini fundi mwingine mji huu. Fikiria kupokea funguo kwa mtu kama huyo. Kesho basi lenu likishapita kona, nakwenda nyumbani kwake. Wakati unasoma hapa huenda nimekwisha ketishwa sebuleni kwake na chai imewekwa. Sikutumi wewe kuniombea radhi kwa mtu yeyote. Hilo la Mwalimu ni langu, na jina la Simoni nitalisafisha hapa hapa lilipochafuliwa, kwa sauti ile ile ya uwanja mzima.

Kwako wewe nina ombi moja tu, na ni la njiani.

Kwenye ile bahasha ndogo kuna stika. Imefifia kidogo, ilikaa kwenye kitabu changu cha sala miaka sita, na Mungu anajua sala zangu zilikuwa zinakwendaje humo. Ukifika Kahama, kabla hujashusha begi, msalimie Simoni kwa heshima kama ulivyolelewa. Akikuitikia, mpe. Ataitambua. Mwambie baba anasema ile kumi na nane ni elfu mbili na sita.

Halafu mwambie baba anasema marahaba.

Baba yako